Kihoro na Kiwiliwili: Uchambuzi wa Tiba ya Maradhi Yenye Makao Mawili

Katika maneno ambayo wazee wa pwani walituachia kuwa urithi, yapo machache ambayo daktari wa leo angefanya vyema kuyatafakari kabla hajanyoosha mkono kuchukua kipimo. Mtu aliyefiwa akadhoofu, akaacha kula, na hatimaye akamfuata marehemu wake kaburini bila ya homa wala jeraha, wao walisema amekufa kihoro. Mwenye hofu isiyotulia walisema ana jakamoyo, wala hawakuona haja ya kueleza kama moyo huo ni ule unaopiga ndani ya mbavu au ule unaopenda na kuchukia. Naye aliyetendwa jambo la kumhuzunisha alisema amekatwa maini, na hakuna aliyemtaka auonyeshe mkato wenyewe. Uchungu ni wa shubiri, ni wa uzazi na ni wa msiba. Hata neno sonona, ambalo Tanzania imelichagua kuwa jina la ule ugonjwa wa huzuni nzito ambao Wakenya huuita unyogovu, hapo kale lilikuwa na maana ya kuuma na ya kuhuzunika kwa pamoja, na mwenye sikio la lugha hakosi kuusikia undugu wake na kisonono, maradhi ambayo sidhani kama yuko atakayedai kuwa ni ya mawazo.

Lugha yetu, basi, haikuwahi kupiga mpaka baina ya nafsi na kiwiliwili. Mpaka huo umepigwa hospitalini, kwa matofali, kwa idara na kwa vyeti vya wataalamu, na wanaoumia zaidi kwa sababu yake ni jamii kubwa ya wagonjwa ambao maradhi yao yana makao mawili: huzuni inayojidhihirisha kwa maumivu ya mgongo, hofu inayojidhihirisha kwa mapigo ya moyo, au maradhi ya dhahiri ya mwili ambayo yamezaa majonzi, nayo majonzi yakarudi kuyazidisha maradhi. Nadhani, na nitajaribu kuonyesha, kwamba kasoro kubwa katika tiba ya watu hawa imo katika mlango ambao mgonjwa hulazimika kuupitia, kwa kuwa kwenye mlango huo maumivu ya mwili ndiyo tikiti pekee inayokubaliwa.

Tumtazame mgonjwa ambaye kila tabibu wa zahanati anamjua. Ni mama wa makamo. Kichwa chamuuma kama kilichokazwa kwa kamba, mwili wawaka moto ilhali kipimajoto hakioni homa, miguu yafa ganzi, vidudu asivyoviona vyamtambaa ngozini, kifua chabana, tumbo lajaa gesi, na usingizi humwacha saa nane za usiku akiyahesabu mabati ya dari. Amebeba daftari lake la matibabu, na daftari hilo limenenepa: malaria hakuna, mkojo safi, choo safi, picha ya kifua safi, ultrasaundi safi. Tabibu, kijana mwenye adabu aliyemwamkia kama inavyompasa, anafunga daftari na kusema, "Mama, vipimo vyote viko safi, huna tatizo." Naye mama hujibu, bila ya ukali, "Sasa mwanangu, kama sina tatizo, hiki kinachoniuma ni nini?"

Swali hilo ni la haki, na kwa kawaida hujibiwa kwa mojawapo ya njia tatu ambazo zote ni mbovu. Ama huandikiwa dawa ya malaria au ya vidonda vya tumbo ili asitoke mikono mitupu. Ama hupewa kipimo kingine, kisha kingine, mpaka mbuzi wa nyumbani wakaisha. Ama huambiwa kwamba ana mawazo, naye katika neno hilo husikia mawili, kwamba anajifanya, au kwamba safari yake ya pili itakuwa ya Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili.

Hofu hiyo ya pili ina historia yake. Matabibu wa dola za Kiislamu, ambao elimu yao ndiyo iliyovuka bahari ikafika kwetu pamoja na majahazi, hawakuwatenganisha wagonjwa namna hii. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya maslahi ya miili na nafsi, akashikilia kwamba tabibu anayetibu upande mmoja na kuuacha wa pili amefanya nusu ya kazi. Na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, katika Kanuni yake alimwelekeza tabibu anayemshuku mgonjwa wake kuwa ana maradhi ya mapenzi amshike kifundo cha mkono na kumtajia majina ya watu na mitaa, mpaka litakapotajwa lile ambalo mshipa utalirukia. Sisi nasi tuliipokea ile mizani ya damu, balghamu, safura na sauda, na mabaki yake yamo vinywani mwetu hadi leo, kwani anayelalamikia baridi yabisi hutamka, pasi na kujua, fundisho la tabia mbili kati ya nne. Sisemi kwamba elimu hiyo irejeshwe. Ilimfanya mgonjwa aumikwe damu ambayo pengine alikuwa akiihitaji, na huenda si bure kwamba kupiga chuku kukaja kuwa na maana ya kutia chumvi. Nasema tu kwamba ilikuwa na chumba kimoja kwa mtu mmoja.

Vyumba viwili vilikuja na serikali za kikoloni. Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisionari wa Kijerumani walianza kuwapokea wagonjwa wa akili mwaka 1904. Mathari, Nairobi, ilifunguliwa kwa kazi hiyo mwaka 1910. Mirembe, Dodoma, mwaka 1927. Nyumba hizi zilikusudiwa hasa kwa wale waliovuruga amani: aliyevua nguo sokoni, aliyechoma banda, aliyempiga jirani kwa amri ya sauti ambayo mwenyewe haonekani. Mama mwenye kichwa kinachokaza hakuvuruga amani ya mtu, kwa hiyo hakupelekwa, na kwa kuwa hakupelekwa hakuhesabiwa, na kwa kuwa hakuhesabiwa wakatokea wataalamu waliosema kwamba hayupo.

Aliyelisema hilo kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa J. C. Carothers, aliyeisimamia Mathari tangu 1938 hadi 1950. Aliangalia vitanda vyake, akaona wenye huzuni ni haba, akahitimisha kwamba Mwafrika hapatwi na sonona kwa kadiri ya Mzungu, kwa sababu hana hisia ya wajibu wala ya dhambi inayoweza kumwelemea. Na mwaka 1951 akaandika makala akimfananisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu mwaka 1953, na serikali ya Kenya ikamtaka aifafanulie saikolojia ya Mau Mau, kana kwamba kunyang'anywa ardhi si maelezo ya kutosha. Inafaa kosa lake litazamwe kwa utulivu, maana mbali na ubaguzi uliokuwa dhahiri lilikuwa pia kosa la hesabu: alikaa mlangoni ambapo wenye huzuni hawapiti, kisha akahesabu waliopita.

Wengine walikwenda kwenye milango ambamo watu hupita. Margaret Field, aliyekuwa daktari na pia mchunguzi wa mila, alikaa kwenye mizimu ya Waashanti huko Ghana, na katika kitabu chake cha mwaka 1960 akaeleza habari za wanawake waliofika wakijishitaki wenyewe kuwa ni wachawi walioangamiza watoto wao. Naye akatambua katika maneno yao ile sonona ambayo Carothers alisema haimo. Mwaka 1979 Orley na Wing wakatoa matokeo ya uchunguzi wao katika vijiji viwili vya Uganda, wakaonyesha kwamba huzuni ya kiugonjwa miongoni mwa wanawake wa huko ilikuwa zaidi ya ile ya wanawake wa Camberwell, mtaa wa London. Kosa lilipofutika upande mmoja, likachipuka jingine lenye sura ya heshima: kwamba Mwafrika na Mchina huhuzunika, naam, ila huhuzunika kwa mwili, wakati Mzungu huhuzunika kwa nafsi. Nimelisikia hata vinywani mwa wasomi wetu. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 1999, ambao Simon na wenzake waliukusanya katika vituo 15 vya nchi 14, uliwapata wagonjwa 1146 wenye sonona; na katika hao asilimia 69 walikuwa wamekwenda kwa daktari wakitaja dalili za mwili peke yake. Miongoni mwa nchi hizo zilikuwamo za Ulaya na Marekani. Walipoulizwa waziwazi juu ya huzuni na kukata tamaa, wengi walikubali papo hapo. Ni asilimia 11 tu walioendelea kukana. Maana yake ni kwamba mama yetu si kioja cha utamaduni fulani. Kwa kawaida mwanadamu anayekwenda kwa daktari hutanguliza mwili, kwa sababu anaijua kazi ya daktari, na mara nyingi aliyonayo moyoni hayasemi kwa kuwa hajaulizwa.

Sasa ni lazima tuseme jinsi huzuni inavyofika mgongoni, maana bila ya kueleza njia tutakuwa tumebadilisha jina la muujiza tu. Mwenye hofu huhema upesi na kwa kina kuliko mwili unavyohitaji, akaitoa hewa chafu ya kaboni zaidi ya kipimo. Damu hubadilika tabia yake, mishipa ya kichwani ikasinyaa, na hapo ndipo vidole hufa ganzi, midomo ikawashwa na kichwa kikazunguka. Hakuna chochote hapo cha kuwaziwa: ni kemia, na aketiye kwa utulivu akihema hivyo kwa makusudi dakika chache atayaona yayo hayo. Tezi zilizo juu ya figo humwaga kemikali zinazoukimbiza moyo na kuikaza misuli ya shingo na mgongo kana kwamba simba yuko mlangoni, na simba huyo akiwa ni deni au mume mlevi, ambao hawaondoki usiku, misuli nayo hailegei usiku. Tumbo lina mtandao wake wa neva unaozungumza na ubongo mchana kutwa. Fauka ya hayo, ubongo wa aliyekosa usingizi na raha huyapokea maumivu kwa sauti ya juu, kama redio ambayo kitufe chake kimekwama, hata jambo dogo la kiungo likawa kubwa.

Wazee waliosema kufa kihoro wangefurahi kusikia kwamba madaktari wa Japani, mwaka 1990, waliueleza ugonjwa wa moyo unaowapata hasa wanawake waliopita umri wa kuzaa, baada ya msiba au mshituko mkubwa: chumba cha chini cha moyo huvimba kikashindwa kusukuma damu, hali mishipa yake haijaziba. Picha yake iliwakumbusha chungu chenye shingo nyembamba ambacho wavuvi wao hutegea pweza, wakauita takotsubo. Wengi hupona baada ya majuma machache. Wengine hufa, na daktari wa zamani angeandika kwamba sababu haijulikani.

Na mwili haulemewi mmoja mmoja tu. Tarehe 30 Januari 1962, hata miezi miwili haijatimia tangu Tanganyika kupata uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni pale Kashasha, karibu na Bukoba, walishikwa na kicheko. Kufikia tarehe 18 Machi wanafunzi 95 katika 159 walikuwa wamepatwa, shule ikafungwa, na wasichana waliorudi makwao wakawa kama wamebeba cheche: kijijini Nshamba watu 217 walishikwa. Rankin na Philip, madaktari walioandika habari zake mwaka 1963, hawakuona kirusi wala sumu. Dunia imelifanya tukio hili kuwa hadithi ya kufurahisha, ambapo wasichana wa Kiafrika walicheka mpaka shule ikafungwa, lakini atakayeisoma taarifa yenyewe atakuta kilio kimechanganyika na kicheko, atakuta hangaiko, hofu ya kuandamwa na mtu asiyeonekana, na mashambulio ya kuanzia saa chache hadi siku 16. Walimu hawakupatwa. Waliopatwa walikuwa wasichana wa miaka 12 hadi 18, katika bweni lenye sheria zake, hali nchi inageuka chini ya miguu ya wazazi wao, na hawakuwa na mahali pa kuyasema ya moyoni. Sina hakika kwamba hiyo ndiyo sababu, walakini naona ni sababu inayostahili zaidi kuliko kichekesho.

Kabla sijafika kwenye tiba yenyewe napaswa kumwonya msomaji juu ya shimo la upande wa pili, ambalo wapenzi wa nafsi hutumbukia kwa urahisi kama wapenzi wa mwili wanavyotumbukia katika la kwao. Mwaka 1965 daktari Mwingereza Eliot Slater aliwafuatia wagonjwa 85 ambao katika hospitali mashuhuri ya neva mjini London walikuwa wameandikiwa histeria, akakuta kwamba miaka iliyofuata iliwafichulia wengi wao maradhi ya dhahiri ya mwili, na baadhi walikwisha kufa kwayo. Alisema kwa hasira ya kitaalamu kwamba neno hilo ni vazi la ujinga. Hali imeboreka tangu hapo: Stone na wenzake, walipozipima tafiti za miaka mingi, mwaka 2005 waliona kwamba makosa ya namna hiyo yalikuwa yamepungua kutoka kama asilimia 29 katika miaka ya hamsini hadi asilimia 4 tangu miaka ya sabini. Lakini hayo ni ya mahali penye mashine za kupiga picha ubongo. Kwetu, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi bado huitwa wasiwasi, upungufu wa damu huitwa uvivu, kifafa huitwa pepo, na kifua kikuu kilichojificha uti wa mgongo huambiwa ni mawazo mpaka siku miguu itakapogoma. Aliyewahi kulazwa Mirembe hata siku moja, akilalamikia tumbo miaka kumi baadaye, ni nadra sana mtu kumbonyeza tumbo.

Kwa hiyo utaalamu wa kweli ni ule unaoitafuta dalili ya kuthibitisha, usioridhika na kusema tu kwamba vipimo havikuona kitu. Upo mfano mmoja mzuri, wa tangu mwaka 1908, unaoitwa kwa jina la Hoover. Mgonjwa ambaye mguu wake mmoja umelegea hulazwa chali, akaambiwa aukandamize mguu huo kitandani, asiweze. Kisha huambiwa auinue ule mzima, na daktari aliyeuweka mkono wake chini ya kisigino cha mguu mgonjwa huhisi kisigino kikikandamiza kwa nguvu kamili. Mguu una nguvu, na njia ya kuifikia nguvu hiyo kwa nia ndiyo iliyozibika. Zamani madaktari waliificha ishara hiyo kama polisi anavyoficha ushahidi, ili kumnasa mgonjwa. Siku hizi walio bora humwonyesha mgonjwa mwenyewe, wakamwambia, "Tazama, nyaya hazikukatika," na kutoka hapo mazoezi huanza. Ushahidi ni ule ule, ila umegeuzwa kutoka mashitaka kuwa habari njema.

Nakuja sasa kwenye tiba, na nitaanza na jambo dogo kupita yote, nalo ni barua. Mwaka 1986 G. Richard Smith na wenzake huko Marekani walichukua wagonjwa 38 wa ile aina ngumu kabisa, wenye dalili nyingi za miaka mingi na mafaili ya kujaza kabati. Daktari wa akili hakuwatibu. Aliwaona, kisha akamwandikia daktari wao wa kawaida. Alimweleza kwamba hali hiyo ni ya kweli na hudumu miaka, tena haiui. Kwamba amwone mgonjwa kwa miadi ya kila wiki nne hadi sita, asingoje dalili mpya. Kwamba kila mara ampime mwili kwa mkono wake pale panapouma. Kwamba asikimbilie kulaza, kupasua wala vipimo vikubwa ila kwa sababu iliyo wazi. Na kwamba asimwambie kamwe kuwa haya yote yamo kichwani mwako. Gharama za matibabu za wale ambao madaktari wao walipata barua zilishuka kwa asilimia 53, na afya yao haikuharibika. Mimi katika maandiko ya tiba sijakutana na karatasi iliyofanya kazi kubwa kwa wino mchache kuliko hiyo, na siri yake naiona katika lile sharti la miadi: mgonjwa aliyekuwa akinunua kila dakika ya daktari kwa sarafu ya maumivu sasa amepewa dakika hizo bure.

Shirika la Afya Duniani, lilelile lililomchapisha Carothers, limeufuata mwelekeo huo katika mwongozo wake kwa vituo visivyo na wataalamu, uliotoka kwanza mwaka 2010. Humo tabibu huagizwa akiri kwamba maumivu si ya kubuni, aulize mgonjwa mwenyewe anadhani yametokana na nini, aache kuagiza vipimo visivyo na sababu, na asitoe sindano za vitamini. Kifungu hicho cha mwisho kimeandikwa na mtu aliyewahi kukaa katika duka la dawa la mtaani kwetu. Sindano ya vitamini ni mkataba wa kimya baina ya muuzaji anayejua kwamba haitibu na mnunuzi anayetaka kuheshimiwa ugonjwa wake.

Kuhusu vidonge sina mengi. Amitriptilini ipo katika zahanati nyingi, tena ni rahisi, na kwa kipimo kidogo hupunguza maumivu ya neva na kurudisha usingizi, hali sonona huhitaji kipimo kikubwa zaidi na wiki kadhaa za subira. Wengi hupewa kile kidogo kwa siku tano, kisha ikasemwa kwamba dawa imeshindwa. Diazepamu hutuliza haraka, na kwa sababu hiyo hiyo humfunga mtu.

Palipo na utajiri ni katika maneno. Mjini Harare, Washona wana neno kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, nalo hubeba kichwa, moyo na usingizi kwa pamoja kama lilivyo neno letu mawazo. Dixon Chibanda, mmoja wa madaktari wachache wa akili wa Zimbabwe, mwaka 2006 alianza na bibi 14 wa mtaa wa Mbare, wahudumu wa afya waliozoeleka, akawafundisha kuketi na mgonjwa juu ya benchi nje ya kliniki na kumwongoza achague tatizo moja la kushika kwanza. Hodi yao ni hojaji ya maswali 14 iliyotungwa kwa Kishona, ambamo suala la tumbo kuuma limekaa bega kwa bega na suala la kulia na la kutaka kufa. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016, wa watu 573, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliobaki na sonona walikuwa asilimia 13.7 ya walioketi benchini, dhidi ya 49.9 ya waliopata huduma ya kawaida. Miaka 13 kabla ya hapo, katika vijiji vya Masaka na Rakai nchini Uganda, Bolton na wenzake walikuwa wameonyesha matokeo ya namna hiyo kwa vikundi vilivyokutana wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliofundishwa wiki mbili tu, nao walianza kwa kuwauliza wanakijiji majina yao wenyewe ya huzuni.

Msomaji wa pwani atauliza kama hayo si yale ambayo mafundi wa kupunga pepo wameyafanya siku zote. Kwa sehemu, ndiyo. Fundi hasemi kwamba vipimo viko safi. Humpa mgonjwa jina la kinachomsumbua, huwakusanya jamaa waliomsahau, hutenga usiku kwa ajili yake peke yake, na mwanamke ambaye mwaka mzima hakuwa na ruhusa ya kudai kitambaa hudai kanga na manukato kwa ulimi wa pepo, akapewa. Anayekunywa kombe hunywa pamoja nalo hakika kwamba kuna aliyeketi na kuandika kwa ajili yake. Walakini fundi huyo huyo humweka mwenye kifafa mbali na kidonge ambacho kingemlinda asiangukie motoni, naye hana mtu wa kumwandikia barua pale asipoweza.

Upande wa maradhi ya dhahiri yaliyozaa huzuni, mambo ni wazi zaidi na ndiyo maana yanasikitisha zaidi. Mwaka 1993 Frasure-Smith na wenzake mjini Montreal waliwafuatia watu 222 waliopatwa na shambulio la moyo, wakaona kwamba wenye sonona walikuwa na hatari ya kufa ndani ya miezi sita iliyozidi ya wenzao kwa takriban mara nne, hata baada ya kuzingatiwa ukubwa wa ugonjwa wa moyo wenyewe. Mwaka 2010 Wayne Katon na wenzake, katika jimbo la Washington, waliwachunguza wagonjwa 214 wenye sonona pamoja na kisukari au ugonjwa wa moyo; takriban nusu yao walifuatiliwa na wauguzi walioshauriana na daktari wa akili na daktari wa mwili kwa pamoja. Na mwisho wa mwaka sukari, presha, mafuta ya damu na huzuni vyote vilikuwa vimeshuka zaidi kwao kuliko kwa waliotibiwa idara kwa idara. Muuguzi, simu, na orodha ya majina. Sisi kliniki za kisukari na za presha tunazo, kila moja na siku yake ya juma, na mgonjwa huja kwa ada. Kuongeza maswali mawili juu ya usingizi na tamaa ya kuishi hakuhitaji jengo jipya.

Kinachohitajiwa ni kigumu kuliko jengo, maana ni kubadili kinachoulizwa dirishani. Tuseme mama yetu amebahatika. Daktari wa akili aliyezuru hospitali ya wilaya amemwona, amembonyeza tumbo, amemsikiliza habari za mwanawe aliyepotelea mjini, na katika ukurasa mpya wa lile daftari nene ameandika mistari minne kwa tabibu wa zahanati, wa mwisho ukisema: arudi baada ya wiki nne, hata kama haumwi. Wiki nne zinapita. Mama amelala vizuri usiku tatu mfululizo, kichwa kimelegea, naye amekuja kwa kuwa ameambiwa aje. Foleni inasogea mpaka dirishani, na binti mwenye kalamu, bila ya kuinua macho, anauliza anachowauliza wote.

"Shikamoo mama. Unaumwa nini?"

"Marahaba," husema mama, akalitazama daftari mkononi mwake, kisha akaitazama foleni iliyo nyuma yake. "Kichwa, mwanangu."